Chakula cha Mtu Aliyepasuliwa Utumbo

Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima, Wilaya za Tarime na Serengeti. Limechapwa hapa kama lilivyosomwa, ili wanafunzi waweze kulisoma tena wenyewe.

Walio na daftari na wazifungue. Mwalimu wa darasa, tafadhali weka chaki karibu, kwa maana leo tutakuwa na hesabu kidogo za kuandika ubaoni.

Somo la leo ni juu ya chakula, lakini si chakula cha kila mtu. Ni chakula cha mtu aliyepasuliwa tumbo akaondolewa sehemu ya utumbo kwa sababu ya saratani, ugonjwa ambao wengine huuita kansa. Najua wapo watakaosema, "Bwana Elimu, sisi tumekuja kujifunza kusoma, mambo ya hospitali yanatuhusu nini?" Nitawaeleza yanavyotuhusu, nami nitaanza nyumbani kwetu.

Mjomba wangu ni mfugaji, anakaa upande wa Nyamwaga. Alipokuwa na umri wa miaka 58 alianza kuona damu katika choo chake. Akanyamaza. Alidhani ni bawasiri, kisha akadhani ni amiba, akanywa dawa hii na dawa ile, na mwezi ukafuata mwezi. Mkanda wa suruali ulihama tundu moja, ukahama la pili, na la tatu akalitoboa mwenyewe kwa msumari. Mwishowe alipelekwa hospitali, akapimwa, ikaonekana ana uvimbe wa saratani katika utumbo mpana. Akapasuliwa. Madaktari walikata kipande chenye ugonjwa, wakaziunga ncha mbili za utumbo kwa kuzishona, na baada ya siku kadhaa wakamruhusu arudi nyumbani. Alirudi akiwa na kilo 52, pamoja na karatasi moja iliyopigwa chapa.

Karatasi ile hakuna aliyemsomea. Naye aliona haya kusema kwamba hajui kusoma. Akaikunja, akaitia katika mfuko wa koti, na koti likatundikwa ukutani.

Nyumbani walimpokea kwa furaha na kwa hofu. Walijua jambo moja tu, kwamba tumbo limeshonwa. Wakasema, nguo iliyoshonwa ukiivuta huachia mshono, basi na tumbo hili tukilijaza litapasuka. Kwa hiyo wakampa uji mwepesi uliochujwa, na mchuzi wa mbuzi pasipo nyama. Nyama walikula watoto. Wiki ya kwanza uji, wiki ya pili uji. Walifanya hivyo kwa upendo, na hilo naomba lieleweke. Wiki ya tatu nilipokwenda kumwona nilimkuta ameketi juani amejifunika blanketi, na kidonda kilikuwa kikitoa maji. Tukampeleka zahanati. Wakamweka juu ya mizani. Kilo 47.

Muuguzi akauliza, "Je, hospitalini hawakuwapa maelekezo?" Ndipo mjomba akalikumbuka koti. Jioni ile aliyeisoma karatasi kwa sauti, neno kwa neno, alikuwa mkewe, ambaye wakati huo alikuwa mwaka wa pili katika darasa la kisomo. Katika neno "protini" alikwama, akalirudia mara tatu. Karatasi ilisema: mgonjwa ale kidogo kidogo, mara sita kwa siku. Ale mayai, samaki, maziwa, na nyama laini. Kwa muda asile vyakula vyenye maganda magumu na nyuzi nyingi. Maneno hayo yalikuwa yamekaa ndani ya koti siku 21.

Sasa tulitazame jambo lenyewe. Mimi si daktari, ni mwalimu. Haya nitakayosema nimeyapata kwa kuuliza wauguzi na madaktari na kwa kusoma vitabu vyao, na pale daktari wako anapokuambia jambo lililo tofauti, mfuate yeye, kwa sababu yeye ameliona tumbo lako kwa macho yake.

Mtu ana matumbo ya namna mbili. Utumbo mwembamba ni mrefu sana, kwa mtu mzima waweza kufika kama meta 6. Huo ndio unaonyonya chakula na kukiingiza katika damu. Baada yake huja utumbo mpana, mfupi, wa kama meta moja na nusu. Kazi yake kubwa ni kunyonya maji na chumvi, na kukifanya choo kiwe kigumu. Saratani tunayoisema leo hukaa katika huo mpana, au katika sehemu yake ya mwisho karibu na njia ya haja kubwa.

Je, mmeona maana yake? Mtu aliyekatwa kipande cha utumbo mpana bado anao ule mwembamba, ambao ndio mlango wa chakula kuingia mwilini. Anaweza kula akashiba, akanenepa, na kupata nguvu. Wengi hawalijui hili. Hudhani mtu aliyekatwa utumbo amekuwa kama gunia lililotoboka, kila kitu humwagika. Sivyo hata kidogo.

Basi kwa nini wagonjwa hawa hukonda? Kwanza, ugonjwa wenyewe huwakondesha kabla ya kisu. Saratani huondoa hamu ya kula. Uvimbe huvuja damu kidogo kidogo, hata mgonjwa akapungukiwa damu, akawa anahema akipanda kilima ambacho mwaka jana alikipanda akiimba. Tena uvimbe ukiziba njia, tumbo hujaa na kuuma, na mgonjwa hukiogopa chakula. Kwa hiyo wengi hufika kwenye meza ya upasuaji wakiwa tayari wamedhoofu.

Mwalimu, tuandike hesabu ya kwanza. Mjomba wangu kabla ya kuugua alikuwa na kilo 60. Chukua sehemu kumi katika mia ya kilo 60. Ni kilo ngapi? Ni kilo 6. Madaktari wanasema kwamba mtu aliyepungua zaidi ya sehemu kumi katika mia za uzito wake, katika muda wa miezi sita, na bila kutaka, huyo ana upungufu mkubwa wa chakula mwilini, na upasuaji kwake ni wa hatari zaidi. Kidonda chake hupona polepole. Huingiwa na wadudu wa maradhi kwa urahisi. Na lililo baya kuliko yote, pale utumbo ulipoungwa paweza kuachia, uchafu ukamwagika ndani ya tumbo. Sasa mjomba alipungua kutoka 60 hata 52. Ni kilo 8. Alikwisha kuupita mpaka kabla ya kurudi nyumbani, na sisi hatukujua kwamba mpaka upo.

Kwa watu walio na mizani karibu, mpimeni mgonjwa na mwandike uzito na tarehe. Walio mbali na mizani watazame mkanda, pete kidoleni, kola ya shati. Mkanda ukihama matundu mawili katika miezi michache, wala hukukusudia, usingoje la tatu.

Twende kwenye siku za kungoja. Mgonjwa wa Tarime au Serengeti huanza katika zahanati, akapelekwa hospitali ya wilaya, pengine akatumwa Musoma, kwenye hospitali ya mkoa pale Kwangwa, na mara nyingi akatumwa mbele zaidi, Bugando kule Mwanza, au Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam. Safari hiyo huchukua siku nyingi. Kuna nauli ya kutafuta, kuna majibu ya kungojewa, pengine kuna ng'ombe wa kuuzwa. Watu huziona siku hizi kuwa ni za bure. Kumbe ndizo siku za kumlisha mgonjwa! Kwa mgonjwa aliyedhoofu sana, madaktari wa siku hizi huona ni heri kumlisha vizuri siku 7 hadi 14 kwanza, hata ikibidi upasuaji uahirishwe, kuliko kumpasua akiwa na njaa. Isipokuwa utumbo umeziba kabisa, au kuna hatari nyingine ya haraka, hapo hawangoji. Basi wewe uliye nyumbani unangoja tarehe ya Bugando, usikae tu. Mpe yai asubuhi. Mpe maziwa ya mgando mchana. Mpondee viazi kwa siagi au mafuta. Kila kilo anayoiongeza au kuizuia isipotee itamfaa siku ya kisu.

Sasa siku ya upasuaji. Zamani desturi ilikuwa kali. Mgonjwa hakuruhusiwa kula wala kunywa tangu usiku wa manane, na baada ya kupasuliwa alikaa siku nyingi bila chakula, mpaka atoe upepo. Hata leo wazee wetu wakisema "hakuna chakula mpaka ajambe", wanakumbuka amri ya hospitali ya zamani, hawakuitunga wao. Lakini katika miaka ya 1990, daktari mmoja wa upasuaji huko Denmark, jina lake Henrik Kehlet, pamoja na wenzake, waliijaribu njia nyingine. Waliwapunguzia wagonjwa maumivu, wakawainua kitandani mapema watembee, na wakaanza kuwapa chakula mapema. Wagonjwa wale hawakupasuka. Walipata nguvu upesi wakarudi kwao upesi. Njia hiyo imeenea katika nchi nyingi. Kwa kawaida sasa chakula kigumu huachwa saa 6 kabla ya dawa ya usingizi, na maji matupu saa 2 kabla. Na baada ya upasuaji, wengi huanza kunywa na kula kidogo katika siku ile ile au ya pili yake. Usijiamulie mwenyewe, lakini. Hospitali moja na nyingine hutofautiana, na mgonjwa mmoja na mwingine. Uliza hivi: "Daktari, mgonjwa wangu aanze kula lini, na aanze na nini?" Swali hilo si la ujeuri.

Kwa nini chakula kina haraka hivyo? Fikirini mtu ambaye ukuta wa nyumba yake umebomoka kwa mvua. Anataka miti ya kuujenga. Asipoletewa miti kutoka porini, atafanya nini? Atang'oa miti ya ghala lake. Ukuta utasimama, lakini ghala litaanguka. Mwili uliopasuliwa hufanya vivyo hivyo. Unataka vitu vya kuunga utumbo, ngozi na nyama. Usipoletewa kwa mdomo, hung'oa katika misuli ya mikono, ya mapaja, hata ya kifua anayopumulia. Ndiyo maana mgonjwa hushindwa kukohoa vizuri, akaumwa na mapafu, na watu wakasema amerogwa.

Hiyo miti ya kujengea ndiyo protini. Ni chakula cha kujenga mwili. Imo katika nyama, samaki, mayai, maziwa, maharage, kunde na karanga. Ugali wa muhogo ninaupenda, nilikulia huo, lakini protini yake ni ndogo sana. Ugali wa mtama na wa ulezi una zaidi kidogo. Uji mwepesi ni maji yenye rangi.

Nisiseme kwa maneno tu. Mwalimu, andika hesabu ya pili. Mtu anayepona baada ya upasuaji anahitaji walau gramu 1.2 za protini kwa kila kilo ya mwili wake, kila siku. Mtu wa kilo 50 anahitaji ngapi? Hamsini mara moja na nukta mbili. Ni gramu 60. Sasa tuone uji wa mjomba. Kikombe kimoja cha uji mwepesi hakifiki gramu 2. Tumpe vikombe sita kwa siku, tuhesabu mbili mbili. Ni gramu 12. Zinapungua ngapi? Zinapungua 48. Siku 21 alipungukiwa hivyo, na mwili ukang'oa ghala.

Sasa tupange siku nyingine. Yai moja lina kama gramu 6. Mayai mawili ni 12. Kikombe kikubwa cha maziwa, robo lita, ni kama gramu 8. Vikombe viwili ni 16. Dagaa wakavu wa Ziwa Victoria, waliooshwa mchanga, wakakaangwa bila mafuta na kusagwa kuwa unga, gramu 30, yaani konzi moja iliyotiwa katika uji mzito mara mbili au tatu, ni kama gramu 18. Kipande cha samaki aliyechemshwa akatolewa miiba, mkubwa kama kiganja, ni kama gramu 20. Jumlisheni: 12, na 16, na 18, na 20. Mmepata ngapi? Sitawaambia, aliyepata na asimame ajibu.

(Msomaji wa redio alinyamaza hapa kwa muda wa dakika moja.)

Mtaona kwamba hakuna chakula cha Ulaya katika hesabu hiyo. Mayai yapo, ila tunayapeleka mnadani. Maziwa yapo. Dagaa hufika hata Mugumu wakiwa magunia kwa magunia. Gharama ipo, sikatai, lakini ukilinganisha na nauli ya kurudi Mwanza kwa sababu kidonda kimeoza, dagaa ni rahisi.

Liko jambo hapa nataka kulisema wazi. Zipo nyumba ambamo kwa desturi mwanamke hali yai, au kuku si wake, au nyama nzuri huenda kwa wanaume kwanza. Saratani ya utumbo haichagui. Huwapata wanaume na wanawake, tena hapa kwetu Afrika huwapata wengi walio chini ya miaka 50, mama wenye watoto wadogo. Mama aliyepasuliwa akirudi nyumbani, ale mayai. Wenye nyumba walizungumze hilo kabla hajarudi, wasimwachie yeye aombe, kwa sababu hataomba.

Sasa juu ya maganda na nyuzi, maana hapo wengi huchanganyikiwa. Utumbo ulioungwa umevimba, na njia yake bado nyembamba. Kwa wiki nne hadi sita hivi za kwanza, mara nyingi mgonjwa huambiwa ale vyakula laini: uji mzito wa unga uliochekechwa, wali laini, ndizi zilizopondwa, viazi vilivyomenywa, maboga yasiyo na ganda wala mbegu, samaki, mayai, nyama iliyochemshwa sana au kusagwa, maziwa ya mgando. Maziwa mabichi huwaharisha wengine katika siku hizo. Mgando huwapendeza zaidi. Aache kwanza mahindi ya kuchoma, kande, miwa, karanga nzima, mboga mbichi, na maharage yenye maganda. Kabichi na maharage vilevile hujaza upepo. Gongo aache kabisa. Dawa za kienyeji za kuharisha tumbo, zile za "kusafisha", zisikaribie mlango. Mgonjwa ale kidogo, atafune sana, ale tena baada ya saa mbili au tatu. Sahani kubwa iliyojaa humkatisha tamaa kabla hajaonja.

Baada ya majuma hayo, kama choo kinatoka vizuri, arudi taratibu kwenye mboga, kunde, na ugali wa ulezi na mtama. Aongeze kimoja kimoja, akitazama tumbo linavyopokea. Na hapa ninayo hadithi ya kweli.

Mwaka 1946 daktari mmoja Mwairish, Denis Burkitt, alikuja Uganda. Alifanya kazi Lira, kisha katika hospitali ya Mulago, Kampala. Wengi wanamjua kwa ule uvimbe wa taya za watoto aliouandikia mwaka 1958, ambao hata leo unaitwa kwa jina lake. Mwaka 1961 yeye na madaktari wenzake wawili walifunga safari kwa gari kuukuu la aina ya Ford, wakapita Tanganyika na nchi nyingine mpaka Afrika Kusini, zaidi ya kilomita 15,000, wakiuliza hospitali baada ya hospitali juu ya uvimbe huo. Lakini kuna jambo jingine alilolishika katika miaka yake ya Afrika: saratani ya utumbo mpana, iliyokuwa ikiua watu wengi Ulaya na Marekani, kwa Waafrika wa vijijini alikuwa akiiona kwa nadra. Akajiuliza kwa nini. Mwaka 1971 aliandika kwamba sababu ni chakula: watu hawa hula nafaka isiyokobolewa na mboga nyingi, choo chao ni kikubwa, laini na hupita upesi. Wazungu hula unga mweupe uliotolewa kila kitu. Wengine walimcheka daktari anayepima vinyesi. Uchunguzi wa miaka iliyofuata umeonyesha kwamba nafaka nzima na nyuzi za chakula kweli hupunguza hatari ya saratani hii, ingawa si sababu pekee. Mwaka 2015 shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa, lililoko Lyon, Ufaransa, liliongeza nyama za kusindika, kama soseji, katika orodha ya vitu vinavyoleta saratani. Na nyama nyekundu, yaani ya ng'ombe na mbuzi, ikatajwa kuwa yaelekea kuileta, hasa kwa mlaji mkubwa. Sisi wafugaji na tulitafakari hilo siku nyingine, bila kugombana.

Kwa hiyo ugali wa ulezi wa bibi zetu ulikuwa na akili ndani yake. Huo huo ugali mgumu na kande, mbele ya utumbo ulioshonwa juzi, haufai. Miezi michache baadaye unafaa tena, na kwa mtu aliyepona saratani unafaa sana.

Sasa nisiwasahau wale wenye mfuko. Wagonjwa wengine, badala ya kuungwa, hutolewa ncha ya utumbo nje kupitia tundu tumboni, na choo kikaingia katika mfuko uliobandikwa juu ya ngozi. Kwa wengine ni kwa miezi michache, kisha utumbo hurudishwa ndani; kwa wengine ni kwa maisha yao yote. Tundu likiwa la utumbo mpana, ambalo mara nyingi huwa upande wa kushoto, mgonjwa hula karibu kama watu wote. Likiwa la utumbo mwembamba, mara nyingi upande wa kulia, choo hutoka kama maji, na maji na chumvi hupotea. Huyo anywe, na chumvi aitie katika chakula zaidi kuliko wengine, na muuguzi amfundishe kutumia maji ya chumvi na sukari ya pakiti. Akiona kiu isiyokwisha, mkojo mchache wa rangi ya chai, na kizunguzungu akisimama, aende zahanati siku hiyo hiyo. Mahindi, miwa, uyoga na nyuzi za machungwa huweza kuliziba tundu lake; awe mwangalifu.

Nilizungumza na mzee mmoja wa upande wa Mugumu mwenye mfuko wa namna hii. Aliniambia kwamba kilichomwumiza si kisu. Alikuwa mtu wa kusema katika ritongo, barazani mbele ya watu wote. Baada ya mfuko aliacha kwenda. Na siku alizolazimika kwenda, kama za msiba, hakula tangu jana yake, ili mfuko ubaki mtupu. Kwa mwaka mzima alijinyima chakula kwa aibu, na uzito wake ukaanguka tena wakati saratani ilikwisha kuondolewa! Muuguzi mmoja ndiye aliyemfundisha kuumwaga mfuko kabla ya kutoka, kuubandika vizuri hata usivuje wala kunuka, kula chakula kidogo asubuhi badala ya kufunga, na kuacha vitunguu na maharage siku ya baraza. Alirudi. Mara ya kwanza alikaa pembeni karibu na mti. Sasa anakaa mahali pake.

Ziko dalili ambazo hazingoji kesho. Homa baada ya upasuaji. Tumbo linalozidi kuuma na kuvimba badala ya kutulia. Kutapika kila anachokula. Kukosa choo na upepo kabisa. Usaha katika kidonda. Mguu mmoja kuvimba na kuuma. Mgonjwa wa namna hiyo msimpe chakula zaidi mkidhani ni njaa, mpelekeni hospitali.

Na kwa wagonjwa wengine kisu si mwisho wa matibabu. Huongezewa dawa kali za saratani zinazopitishwa katika mshipa, ambazo huanza majuma machache baada ya upasuaji. Daktari akimkuta mgonjwa ni mifupa mitupu, mara nyingi hulazimika kungoja au kupunguza dawa, na saratani haingoji. Kwa sababu hiyo yai la wiki ya pili lina uzito kuliko linavyoonekana.

Mjomba alianza kula usiku ule ule, uji mzito wenye unga wa dagaa, nusu kikombe, akalalamika kwamba unanuka samaki. Mkewe akaongeza ndimu. Baada ya mwezi mmoja alikuwa na kilo 50. Baada ya miezi mitano, 56. Hajarudi kilo 60, na huchoka mapema. Kidonda kimefunga. Kila baada ya muda huenda kupimwa, na karatasi zake sasa hukaa katika bahasha juu ya meza, si katika koti.

Mwalimu wa darasa, somo limekaribia kwisha. Andika ubaoni maneno haya, wanafunzi wayasome kwa sauti na kuyanakili: utumbo mpana, saratani, protini, mizani, upasuaji, dagaa. Kisha wafanye hesabu hii. Mama mmoja alikuwa na kilo 70 kabla ya kuugua. Sasa ana kilo 62, na imepita miezi minne tu. Je, ameupita mpaka wa sehemu kumi katika mia? Na kwa uzito wake wa sasa, anahitaji gramu ngapi za protini kwa siku? Anayeweza na aandike pia chakula cha siku moja cha mama huyo, kwa vitu vinavyopatikana katika soko la kwao. Atakayekuwa na karatasi ya hospitali nyumbani, ya mgonjwa yeyote wa kwao, na aje nayo darasani wiki ijayo, kwa ruhusa ya mgonjwa, tuisome pamoja.

Kwaherini.